Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Injini ya Dizeli na Giaboksi ya Pampu kwa Mtambo wa Kuchimba

Haya ni maswali wanayoyarudia wenye mitambo ya visima, mafundi wa gereji na wasimamizi wa uchimbaji wa sampuli za miamba kila wanapotaka kubadili injini au kuujenga mtambo upya. Yameanzia ya msingi, na yale ya hali za pekee yako mwishoni. Hesabu zote ni za kilowati, bar (kipimo cha presha) na lita. Ukitaka hosipawa, zidisha kilowati kwa 1.34.

## Misingi

1. Nina pesa ya injini. Nitafute ya hosipawa ngapi?

Injini ndiyo kitu cha mwisho kuchaguliwa, ingawa kila mtu huanza kwa kuiulizia bei. Anza na shimo: upana wake, kina chake, na kama utachimba kwa hewa na nyundo inayogonga mwamba chini shimoni, au kwa tope linalobeba vipande hadi juu. Shimo litakuambia unahitaji lita ngapi kwa presha gani. Lita na presha zitakuambia ukubwa wa pampu, na pampu zitakuambia giaboksi ya kuzibeba. Ukifika hapo, injini inakuwa swali la hesabu tu (tazama swali la 5).

Anayeanza na injini huishia kununua pampu za kuifuata injini, halafu mtambo mzima unafanya kazi ambayo hakuna shimo lililouomba uifanye.

2. Giaboksi ya pampu ni nini hasa?

Ni sanduku la gia linalofungwa nyuma ya injini, mahali ambapo kwenye lori ingekaa giaboksi ya kuendeshea. Lenyewe halibadilishi gia. Kazi yake ni kuchukua mzunguko mmoja wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na kuugawa kwa pampu mbili, tatu au nne za haidroliki, kila moja mahali pake. Nyingine zina klachi mbele, nyingine hazina. Kampuni kama Funk (iliyo chini ya John Deere), Durst, Stiebel na Twin Disc zimekuwa zikizitengeneza kwa miaka mingi, na ukifungua boneti ya mtambo mkongwe wa Marekani au Ulaya huenda ukakuta mojawapo.

Bila giaboksi hiyo ungelazimika kuzipanga pampu kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Inawezekana kwa pampu mbili ndogo. Zikiwa kubwa, shafti ya pampu ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo wa zote, na ndiyo itakayokatika.

3. Kwa nini nisitumie injini ya lori kupitia PTO (kifaa cha kuchukua nguvu ya injini ya lori kuzungushia mashine nyingine)?

Unaweza, na mitambo mingi ya visima iliyotoka India ikiwa juu ya malori kama Ashok Leyland inafanya hivyo: lori linazungusha pampu za haidroliki, kompresa ina injini yake. Faida yake ni uzito mdogo na injini moja pungufu ya kutunza.

Angalia mambo mawili tu. Kwanza, PTO nyingi za pembeni ya giaboksi ya lori zimetengenezwa kwa kazi fupi, kama kuinua bodi la tipa. Kuchimba ni saa nane au kumi mfululizo. Tafuta PTO inayochukua nguvu yote ya injini, ile ya kukatiza shafti kuu inayokwenda difu. Pili, rejeta ya lori imezoea kupigwa na upepo barabarani. Lori limesimama Manyoni saa saba mchana, upepo huo haupo.

4. Kibao cha injini kinasema 150 kW. Nitazipata zote?

Karibu kamwe. Injini ile ile huuzwa kwa viwango tofauti vya nguvu kulingana na kazi: kuna kiwango cha kazi ya mfululizo, cha kazi ya kupanda na kushuka, na cha dharura kwa jenereta za akiba. Kiwango cha dharura ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho muuzaji hupenda kukutajia. Kwa kuchimba, uliza cha kazi ya mfululizo, kwenye mizunguko kwa dakika utakayotumia.

Kisha toa feni. Vipimo vingi vya kiwandani huchukuliwa bila feni ya rejeta, na feni hula kati ya asilimia 5 na 10 ya nguvu. Mwinuko nao una sehemu yake (swali la 14).

## Hesabu ya nguvu

5. Nipigeje hesabu ya nguvu ya haidroliki?

Kanuni ni moja, iandike ukutani gereji: kilowati = lita kwa dakika × bar ÷ 600.

Tuchukue mtambo wa kati wa visima unaochimba kwa tope. Mota ya kuzungusha rodi inataka lita 160 kwa bar 200, ambazo ni kama 53 kW. Pampu ya tope inazungushwa na mota ya haidroliki ya lita 120 kwa bar 180, yaani 36 kW. Feni ya haidroliki, lita 40 kwa bar 150, ni 10 kW. Mfumo wa kushusha na kupandisha rodi una uwezo wa lita 40 kwa bar 180, yaani 12 kW.

Wengi hujumlisha zote nne. Hapo ndipo pesa inapotea. Wakati wa kuchimba, rodi inashuka polepole: presha ipo lakini mafuta yanayopita ni kidogo, labda 2 kW. Wakati wa kuvuta rodi, mfumo wa kupandisha unakula nguvu yake yote lakini pampu ya tope imezimwa na mota ya kuzungusha imetulia. Tafuta dakika nzito kuliko zote, uijumlishe hiyo peke yake. Hapa ni wakati wa kuchimba: 53 + 36 + 10 + 2, jumla 101 kW.

Sasa rudi nyuma kuelekea injini. Pampu nzuri za pistoni hupoteza kati ya asilimia 10 na 15, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: unapata 119. Giaboksi ya pampu inakula kama asilimia 3: 123. Ongeza asilimia 15 ya akiba, maana rodi itakwama siku moja na pampu zitachakaa: 141 kW, au hosipawa kama 190, za kazi ya mfululizo.

Ukilinganisha na mitambo iliyofungwa kwa kukisia utakuta makosa ya pande zote mbili. Kuna wenye injini inayozimika kila rodi ikishikwa na udongo, na kuna wanaozungusha injini ya hosipawa 300 kwa kazi ya 150 na kulipia dizeli yake.

6. Nguvu ya kuzungusha nayo inahesabiwaje?

Cc za pampu (mafuta inayosukuma kwa kila mzunguko) × bar ÷ 62.8 = nyutonimita (Nm). Pampu ya cc 100 kwa bar 250 inataka karibu 400 Nm. Jumlisha pampu zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kisha tazama mchoro wa torki (nguvu hiyo ya kuzungusha) wa injini kwenye mizunguko utakayotumia, na vilevile mizunguko michache chini yake. Rodi inapokabwa mizunguko hushuka. Injini ambayo torki yake inapanda mizunguko inaposhuka hujivuta na kuendelea. Ambayo haipandi huzimika.

7. Kompresa inahitaji injini ya ukubwa gani?

Kwanza jua hewa kiasi gani. Hewa ya kuchimba kwa nyundo lazima ipande pembeni ya rodi kwa kasi ya kutosha kubeba vipande vya mwamba, na mafundi wengi hulenga mita 20 kwa sekunde au zaidi. Shimo la milimita 165 lenye rodi ya milimita 114 linahitaji mita za ujazo 13.4 kwa dakika, kama cfm (futi za ujazo kwa dakika) 470, kufikia kasi hiyo. Badilisha rodi iwe ya milimita 76 na hitaji linaruka hadi 20, yaani zaidi ya cfm 700. Shimo ni lile lile na nyundo ni ile ile, lakini rodi nyembamba imekudai hewa nusu zaidi. Wakati mwingine dawa ya kompresa "dhaifu" ni kununua rodi nene.

Halafu presha. Kila mita 10 za maji juu ya nyundo ni bar 1 ya kuisukuma. Ukikuta maji mita 30 na unachimba hadi 180, una mita 150 za maji, yaani bar 15. Kompresa ya bar 12 haitaweza hata kuyatoa maji hayo shimoni ili ianze kazi baada ya kuongeza rodi. Ndiyo sababu wanaochimba visima virefu hutafuta kompresa za bar 20 na kuendelea, na ndiyo sababu injini ya kompresa mara nyingi ni kubwa mara mbili ya ile ya pampu. Kwa kawaida hununuliwa kama kifurushi kimoja kilichokwisha kulinganishwa kiwandani. Tunashauri uiache hivyo.

8. Na pampu ya tope?

Hapa visima vya maji na sampuli za migodini ni dunia mbili.

Shimo la kisima la milimita 216 lenye rodi ya 89, ukitaka tope lipande nusu mita kwa sekunde, linadai lita 900 hivi kwa dakika. Presha ni ndogo: kwa bar 10 ni 15 kW tu. Pampu ya kutupa maji au ya pistoni kubwa, kama zile za Gardner Denver 5×6 za zamani, zinafaa.

Shimo la sampuli la saizi NQ lina kipenyo cha milimita 75.7 na rodi ya 69.9. Nafasi iliyobaki ni ukucha. Lita 20 kwa dakika zinatosha kupata kasi ile ile, lakini kuzisukuma kwenye nafasi hiyo hadi mita mia kadhaa kunataka presha kubwa. Kwa hiyo pampu ni ndogo ya pistoni tatu, na injini yake ni ndogo pia. Anayefunga pampu ya kisima kwenye mtambo wa sampuli atapasua mwamba laini na kurudi bila sampuli.

Jambo moja la usalama: pampu ya pistoni haijui kusimama. Ukifunga valvu ya mbele ikiwa inazunguka, kitu kitapasuka, hozi au kichwa cha pampu. Valvu ya kupunguza presha iwe kabla ya valvu nyingine yoyote, na njia yake ya kutokea isielekezwe mahali anaposimama mtu.

## Giaboksi, klachi na kaplingi

9. Nichague giaboksi ya uwiano gani?

Linganisha mizunguko ya injini na ile ambayo pampu inaruhusiwa. Injini ya mizunguko 2,000 na pampu ya cc 100 inayoruhusiwa 2,400: uwiano wa moja kwa moja unatosha. Ukichagua giaboksi inayoongeza mzunguko kwa 1.2, unapata mafuta zaidi kwa pampu ile ile, lakini torki inayodaiwa kwa injini nayo inapanda kwa 1.2. Zile 400 Nm za swali la 6 zinakuwa 480.

Soma pia kikomo cha kila mahali pa pampu, pamoja na kikomo cha giaboksi nzima. Mara nyingi haziruhusu mahali pote kubeba mzigo kamili kwa pamoja.

10. Je, nahitaji klachi?

Kama pampu zote ni za haidroliki, zinazunguka bure mtambo ukiwashwa, na unafanya kazi mahali pa joto, hapana. Klachi ni kitu kingine cha kuchakaa.

Unaihitaji kama injini inazungusha pampu ya tope au kompresa moja kwa moja, au kama asubuhi za baridi Makete au Njombe haidroliki inakuwa nzito kama asali na stata inashindwa. Unaihitaji pia ukitaka kuondoa mtambo mzima kwenye mzigo huku injini ikiendelea kupoa.

Ukitumia klachi ya kutoa nguvu kwa mkanda, puli ikae karibu kabisa na beringi. Kila sentimita unayoisogeza nje inaongeza mvuto wa pembeni, na beringi ndogo iliyo ndani ya flaiwili ndiyo inayokufa kwanza, kimyakimya, kwa sababu grisi yake husahaulika.

11. Nitajuaje kama giaboksi itaingia kwenye injini yangu?

Kuna saizi za kawaida za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Nyumba ya flaiwili ina namba: 4, 3, 2, 1, na kadiri namba inavyopungua ndivyo nyumba inavyokuwa kubwa. Flaiwili ina kipimo chake cha inchi, kama 11.5 au 14. Unahitaji vyote viwili; kusema "ni SAE 3" ni nusu ya jibu.

Upande wa pampu, herufi A, B, C, D zinaeleza ukubwa wa flanji, na meno ya shafti yanahesabiwa: B ya kawaida ina meno 13, C ina 14. Hesabu meno kwa mkono wako kabla ya kuagiza. Flanji moja inaweza kuja na shafti tofauti, na picha ya WhatsApp haihesabiki vizuri.

Baada ya kufunga, sukuma kranki (shafti kuu ya injini) mbele na nyuma kwa bisibisi kubwa na upime nafasi yake. Isipokuwapo, kaplingi (kiungo cha flaiwili na giaboksi) inaisukuma kranki mbele, na beringi yake ya kuzuia itaungua ndani ya siku chache. Ni kipimo cha dakika tano, na tumeona injini mpya kabisa ikifa kwa sababu hakikufanyika.

12. Oili ya giaboksi ya pampu inaongezeka yenyewe. Ni muujiza gani?

Sili ya shafti ya mojawapo ya pampu imekwisha na haidroliki inaingia kwenye giaboksi. Ukiacha, giaboksi itajaa, itachemka na kutoa oili kwenye kipumulio. Usiishie kubadili sili peke yake: angalia kwanza njia ya mafuta ya kuvuja ya pampu. Ikiwa imeziba au imebanwa, presha ndani ya pampu hupanda na sili mpya haitamaliza wiki.

13. Meno ya shafti za pampu yanalika. Tatizo ni chuma kibovu?

Mara nyingi ni ukavu. Meno yanayokaa bila oili hutetemeka, yakatoa unga mwekundu kama kutu, yakalika hadi yakawa kama meno ya msumeno. Giaboksi ambayo meno yake yanaogeshwa na oili ya ndani hudumu zaidi. Kama yako ni kavu, paka grisi ya molibdenumu wakati wa kufunga na uivue pampu ukague kwa ratiba. Usisubiri mlio.

14. Mtambo unapoteza nguvu nikipanda milimani. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 za mwinuko. Dar es Salaam haipotezi kitu. Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi, imeshapoteza moja ya tisa. Eldoret, karibu mita 2,100, ni kama sehemu ya tano ya injini imebaki pwani.

Injini yenye tabo hustahimili zaidi, hadi mwinuko ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukiupita, tabo yenyewe huzunguka kupita kiasi kutafuta hewa. Kompresa nayo huathirika, maana inavuta hewa ile ile nyembamba: cfm iliyoandikwa kwenye kibao haina uzito ule ule Iringa kama Tanga. Swali hili lingeweza kukaa kwenye hesabu, lakini watu huliuliza baada ya kulaumu giaboksi, ndiyo sababu liko hapa.

15. Kaplingi ya mpira inakatika kila baada ya miezi michache.

Inakatika kwa sababu inafanya kazi ya mtu mwingine. Dizeli haizungushi kranki kwa ulaini. Kila mlipuko ni kofi, na pampu za pistoni nazo zina makofi yake. Kaplingi huchaguliwa ili makofi hayo yasigongane na kukuzana kwenye mizunguko unayofanyia kazi. Ukibadili injini ya silinda sita kwa ya nne ukabakiza kaplingi ile ile, umebadilisha wimbo mzima. Mpe muuzaji wa kaplingi aina ya injini, pampu na mizunguko, akuchagulie.

Sababu ya pili ni mstari: nyumba ya flaiwili ilichomelewa au ina uchafu usoni. Pima kwa saa ya kupimia. Sababu ya tatu ni kuchimba kwa mizunguko ya chini sana, ambako makofi ni makubwa zaidi.

## Joto, vumbi na dizeli

16. Rejeta ya kiwandani inatosha huku kwetu?

Uliza imepimwa kwa joto gani la hewa. Kwa Turkana, Dodoma wakati wa kiangazi au mpakani Namanga, tafuta nyuzi 45 hadi 50. Kumbuka kipozeo cha haidroliki mara nyingi hukaa mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta inapokea hewa iliyokwisha kupashwa moto. Haidroliki ikipita nyuzi 80 umri wa oili na sili unafupika haraka. Sehemu za joto, oili ya daraja la 68 huwa inafaa kuliko 46.

Vumbi la kuchimba kwa hewa ni adui mkubwa kuliko joto. Weka kichujio cha awali cha kuzungusha vumbi, na filta mbili, ya nje na ya ndani. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu na mbali na shimo. Usipulize filta kwa kompresa ya mtambo; presha ile inatoboa karatasi, na tobo huoni kwa macho. Fuata kiashiria cha mvuto, ukiona chekundu badilisha.

17. Ninaweza kuleta injini mpya ya Tier 4 au Stage V (viwango vya moshi vya Marekani na Ulaya)?

Fikiria mara mbili. Injini hizo zina vichujio vya moshi na nyingi hutumia maji ya urea, na zimeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 hadi 15 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilihamia kiwango cha 50 tangu Januari 2015. Ni hatua kubwa, na injini za Tier 3 zinaifurahia. Lakini dizeli inayokufikia kwenye pipa kijijini inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa au maji njiani. Kichujio cha moshi kilichoziba kilomita 200 kutoka mjini kinasimamisha kazi, na kompyuta haitakuruhusu kuendelea.

Kwa Tier 3 au ya zamani, chujio cha kutenga maji chenye bakuli la kuonea ndani, tangi la kutulizia, na kumwaga maji kila asubuhi vitaokoa nozeli zako.

## Kununua

18. Injini ya kompyuta au ya pampu ya nozeli ya kawaida?

Ya kompyuta ina faida za kweli: inashikilia mizunguko pampu zikiongeza mzigo, inapunguza nguvu yenyewe ikichemka, na inaweza kuambiwa na mtambo isaidie kabla haijazimika. Ya kawaida, kama Cummins 6BT ya lita 5.9, fundi wa wilayani anaitengeneza kwa spana na masikio.

Kwa mtambo unaozunguka vijijini, tungechukua ya kawaida. Kwa mkataba wa mgodini ambako kuna fundi wa kampuni na kompyuta yake ya kusomea, ya kompyuta. Jaribio rahisi: piga simu leo utafute mtu wa kuisoma injini hiyo mahali unapochimba. Usipompata leo, hutampata siku imezimika.

19. Nimepata injini ya jenereta kwa bei nzuri. Naweza kuiweka?

Unaweza, lakini injini ya jenereta imefungwa kwenye mizunguko 1,500 kwa umeme wa 50 Hz. Gavana (kidhibiti cha mizunguko), nozeli na wakati mwingine tabo vimepangwa kwa hapo. Usimwambie fundi "ipandishe hadi 2,000" ukadhani umepata nguvu zaidi. Iache kwenye 1,500 na utafute giaboksi inayoongeza mzunguko wa pampu (swali la 9). Na nguvu iliyoandikwa huenda ni ile ya dharura (swali la 4).

20. Chapa gani ni bora?

Ile yenye spea mahali unapopata spea. Kama unanunua Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, tembea siku moja ukiulizia pistoni, gasketi ya hedi na pampu ya maji ya injini unayoitaka. Idadi ya maduka yaliyojibu "ipo" ndiyo alama ya chapa hiyo. Perkins za lita 4.4, Cummins za lita 5.9 na 8.3, John Deere za 6.8 na Caterpillar zote zimechimba visima vingi. Deutz za kupozwa kwa hewa, 912 na 914, zinapendwa kwenye mitambo midogo kwa kuwa hazina rejeta, ila mapezi yake yakishikwa na vumbi lenye oili yanachemka bila kutoa mvuke wa kukuonya.

21. Nikinunua iliyotumika niangalie nini?

Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu. Fungua mfuniko wa oili ikiwa inazunguka uone moshi unaopumua. Pima kompresheni kila silinda. Giaboksi, mwaga oili yake kupitia kitambaa cheupe: unga laini wa kijivu si kitu, vipande unavyoweza kuvishika ni kitu.

22. Itakula lita ngapi kwa saa?

Kadiria lita 0.26 kwa kila kilowati kwa saa inayotumika kweli. Injini ya 150 kW ikifanya kazi kwa asilimia 70 inatumia 105 kW, yaani lita 27 hivi kwa saa. Mtu akikuambia 15 kwa mzigo huo, anapima ikiwa imepumzika.

## Hali za pekee

23. Kuna ubaya gani kununua kubwa kupita kiasi?

Dizeli inayofanya kazi nyepesi siku nzima haipati joto. Mafuta yasiyoungua hulainisha oili, masizi hujaa kwenye bomba, na utaona majimaji meusi yakitiririka. Pia giaboksi iliyochaguliwa kwa pampu ndogo inapata injini yenye torki ya kuivunja siku rodi itakapokwama.

24. Tunachimba chini ya ardhi. Dizeli bado inafaa?

Kwa kusafiri, ndiyo. Kwa kuchimba, funga mota ya umeme izungushe giaboksi ile ile ya pampu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na kila kilowati ya dizeli chini ya ardhi inadai hewa ya kuingizwa kwa mafeni. Hesabu ya pampu haibadiliki, isipokuwa mota ya umeme huzunguka karibu 1,480 na haishuki kwa hiari.

25. Mbona mitambo ya kuchimba visima vya mvuke wa ardhini, kama ile ya Olkaria nchini Kenya, haina giaboksi za pampu kama zetu?

Visima vya mvuke vinafika mita 3,000 hivi, na pampu moja ya tope ya mtambo wa saizi hiyo inaweza kula nguvu kuliko mtambo wetu mzima. Kwenye ukubwa huo kwa kawaida injini kadhaa za dizeli huzungusha majenereta, umeme unapelekwa kwa mota za pampu, winchi na meza ya kuzungusha. Injini moja ikiharibika nyingine zinabeba, na hakuna shafti inayopaswa kufika kila mahali. Chini ya 500 kW gharama ya majenereta na vidhibiti huwa hailipi.